Kabla ya Chupa Ilikuwa Dawa: Historia ya BPA katika Vyombo vya Plastiki

Waliohudhuria kikao cha chai cha mwezi wa pili watayakumbuka mabishano juu ya jagi. Chai ya maziwa ilikuwa imetoka jikoni ikichemka, chupa za chai hazikutosha, na mwenzetu mmoja akaimimina katika lile jagi la plastiki, gumu na angavu kama kioo, ambalo limekuwa mali ya chama tangu enzi ambazo hakuna mwanachama wa leo anayezikumbuka. Mhadhiri wetu mmoja akakataa kuinywa. Tulicheka. Mtu akasema hayo ni mambo ya huku, kuogopa kila kitu. Mhadhiri hakubishana. Jagi lilipokwisha akaligeuza, akatuonyesha namba 7 ndani ya pembetatu ndogo chini yake, akasema, "Nendeni mkasome." Mimi nimekwenda kusoma, na haya ndiyo niliyoyakuta.

Nilitarajia hadithi ya kawaida: kiwanda kinatengeneza kitu, watu wanakitumia kwa miaka mingi, kisha wataalamu wanagundua kuwa kina madhara. Historia ya kemikali inayohusika hapa haikwenda hivyo. Kwanza ilijulikana kuwa inafanya kazi mwilini kama homoni. Ndipo, miaka kumi na saba baadaye, ikafanywa plastiki.

Kemikali hiyo ni bisfenoli A, kwa kifupi BPA. Mkemia Mrusi, Aleksandr Dianin, aliitengeneza mwaka 1891, na kwa zaidi ya miaka arobaini haikuwa na kazi yoyote ya maana. Aliyeitoa vitabuni ni mwanasayansi Mwingereza, Charles Dodds, wa Hospitali ya Middlesex mjini London. Katika miaka ya 1930 madaktari walikuwa wakiitafuta sana estrojeni, homoni ya kike, kwa ajili ya kutibia wanawake, lakini kuipata ya asili kulikuwa na kazi kubwa na gharama. Iliweza kuchujwa, kwa mfano, kutoka katika mkojo wa farasi wenye mimba. Dodds alitaka kitu cha kutengenezwa maabara, cha bei nafuu, kitakachofanya kazi ileile. Alichukua kemikali moja baada ya nyingine, akawapa panya jike waliokwisha kutolewa ovari, yaani wasioweza tena kujitengenezea homoni hiyo, kisha akaangalia kama miili yao itaitika. Mwaka 1936 yeye na mwenzake Lawson walitangaza matokeo katika jarida la Nature. Miongoni mwa kemikali zilizoitikiwa ilikuwamo bisfenoli A.

Haikuwa na nguvu nyingi. Mwaka 1938 Dodds na wenzake walipata nyingine yenye nguvu zaidi sana, iliyokuja kuitwa DES, na BPA ikawekwa kando. DES ndiyo iliyokwenda hospitalini. Hapa Marekani ilitolewa kwa wajawazito kwa imani kwamba inazuia mimba kuharibika, na iliwafikia mamilioni, mama na watoto wao. Mwaka 1971 madaktari wa Boston, Arthur Herbst akiwa mmoja wao, walieleza habari za wasichana wanane waliopatwa na saratani ya uke ya aina ambayo kwa umri wao ilikuwa karibu haijulikani. Mama za saba kati ya wanane hao walikuwa wametumia DES walipokuwa na mimba zao.

Nimeisimulia DES, ingawa si plastiki, kwa sababu mbili. Kwanza, ni ndugu wa BPA, wametoka maabara moja na kwa utafutaji mmoja. Pili, ilionyesha namna homoni ya kutengenezwa inavyodhuru: aliyeimeza hakuona kitu. Aliyedhurika ni mtoto aliyekuwa tumboni, na madhara yakangoja hadi alipokuwa msichana mkubwa. Mtu anayetafuta sumu kwa kuangalia nani kaanguka baada ya kunywa asingeiona kamwe.

Sasa turudi kwa BPA. Mwaka 1953, bila kuwasiliana, watu wawili katika mabara mawili walipata plastiki ileile. Mmoja ni Hermann Schnell wa kampuni ya Bayer huko Ujerumani. Mwingine ni Daniel Fox wa General Electric hapa Marekani, ambaye kazi yake ilihusu kitu cha kukingia nyaya za umeme. Plastiki hiyo ni polikaboneti, na malighafi yake kuu ni BPA. Ilikuwa nzuri kweli, tusiidhulumu: angavu kama kioo lakini ukiiangusha haivunjiki, nyepesi, na inavumilia joto linaloyeyusha plastiki nyingine. Ikaingia katika taa za magari, kofia za kinga, miwani, na hatimaye jikoni, katika mabakuli, majagi, chupa kubwa za maji na chupa za watoto. Katika miaka hiyohiyo BPA ilitumika pia kutengenezea epoksi, utando unaopakwa ndani ya makopo ya chakula ili bati lisiliwe na chumvi au ukali wa nyanya. Kwa hiyo hata asiyekuwa na chombo cha plastiki nyumbani mwake alikutana nayo katika maharage ya kopo.

Kwa wasiosoma kemia, mfano wa shanga utatosha. BPA ni punje ya shanga, na polikaboneti ni mshipi mrefu wa punje zilizofungamana. Zikifungamana vizuri hazina habari na mtu. Lakini haikosi punje chache zilizobaki bila kufungwa kiwandani, na vile vifundo vinavyoziunganisha vina maadui wawili: moto na magadi. Maji yanayochemka hulegeza vifundo. Sabuni kali zenye asili ya magadi, kama zile za mashine za kuoshea vyombo, huvilegeza vilevile. Punje zinazochomoka huingia katika kilichomo ndani ya chombo.

Je, sheria ilikuwa wapi? Mwaka 1958 Bunge la Marekani lilibadili sheria ya chakula, na tangu hapo kitu kinachoweza kutoka kwenye chombo na kuingia katika chakula kikahesabiwa kuwa kama kimetiwa chakulani, na kikahitaji kibali. Plastiki na epoksi zenye BPA zilipata kibali mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sheria ya kemikali ya mwaka 1976 ilipokuja, ilikuta kemikali zipatazo 62,000 tayari ziko sokoni, ikaziacha ziendelee. Mwaka 1982 serikali ilichapisha uchunguzi wa panya waliolishwa BPA kwa wingi ili kuona kama watapata saratani. Kiasi kidogo kuliko vyote katika uchunguzi huo kilikuwa kama miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, na hata hicho kiliwapunguza panya uzito. Mwaka 1988 idara ya mazingira, EPA, ikakichukua kiasi hicho, ikakigawanya kwa elfu moja, ikapata mikrogramu 50, na hicho ndicho kikawa kiwango ambacho mtu anaweza kukipata kila siku ya maisha yake bila wasiwasi. Kilipatikana kwa kugawanya. Hakikupatikana kwa kumpa mnyama mikrogramu 50 na kuangalia litakalotokea.

Kwa sumu ya kawaida hesabu hiyo ni ya busara, maana ukipunguza sumu unapunguza madhara. Lakini homoni kazi yake mwilini ni ya mjumbe, na mjumbe hahitaji kupiga kelele. Mwili wenyewe hutumia estrojeni kwa viwango vidogo mno. Jambo hili lilijulikana tangu enzi za Dodds, na wataalamu wa homoni walilijua. Ila waliokuwa wakipanga viwango vya vyombo vya chakula walikuwa wataalamu wa sumu, na sikuona katika niliyoyasoma dalili kwamba watu wa pande hizi mbili walikaa meza moja kabla ya miaka ya 1990.

Hapo ndipo historia hii inapoanza kuchekesha kidogo, maana wengi wa waliogundua tatizo hawakuwa wakilitafuta. Lilivamia maabara zao.

Wa kwanza ni Ana Soto na Carlos Sonnenschein wa Chuo Kikuu cha Tufts, Boston. Walikuwa wakikuza seli za saratani ya matiti, ambazo huzaana zikipata estrojeni na hutulia zikiikosa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 seli zikaanza kuzaana kila mahali, hata katika vyombo ambavyo hazikupewa kitu. Walisafisha, wakabadilisha, wakashukiana, hadi wakagundua kuwa mkosaji ni mirija ya plastiki ya kuhifadhia. Kampuni iliyoitengeneza ilikuwa imebadilisha mchanganyiko wake, na ilipoulizwa imetia nini ikajibu kuwa ni siri ya biashara. Ikabidi waichambue wenyewe, na mwaka 1991 wakachapisha jina la kitu hicho, nonilifenoli. Si BPA, lakini ni tabia ileile. Mwaka huohuo Theo Colborn aliwakusanya wataalamu wa wanyama, homoni na sumu huko Wingspread, jimbo la Wisconsin, na kwa mara ya kwanza wakalipa tatizo hili jina lake: kemikali zinazovuruga homoni.

Kisha Chuo Kikuu cha Stanford. David Feldman na Aruna Krishnan walidhani wamepata kitu kikubwa: hamira inayojitengenezea estrojeni. Haikuwa hamira. Maji yao yalikuwa yamechemshwa kwa mvuke mkali, ili kuua vijidudu, ndani ya chupa za polikaboneti, na chupa zilikuwa zimetoa BPA. Walichapisha habari hiyo mwaka 1993. Kiasi walichokipima kilikuwa kama mikrogramu mbili hadi tatu katika lita moja ya maji, kiasi kidogo ambacho vipimo vya watengenezaji havikuweza hata kukiona, lakini seli zilikiona.

La tatu ndilo lililonigusa zaidi. Agosti 1998, Patricia Hunt wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, mjini Cleveland, alikuwa akichunguza mayai ya panya jike, hasa namna kromosomu zinavyojipanga yai linapojigawa. Zikijipanga vibaya, mimba huharibika au mtoto huzaliwa na kasoro. Kwa kawaida, kwa panya wake wazima, ni yai moja au mawili katika mia yaliyokuwa na dosari. Ghafla yakawa arobaini katika mia. Alikagua hewa, alikagua maji, alikagua kila kitu kwa wiki nyingi, hadi ikaonekana kuwa vizimba vya polikaboneti na chupa za maji za panya hao vilioshwa kwa sabuni isiyo yake, sabuni kali ya sakafu, ya asili ya magadi. Plastiki ilikuwa imechakaa na kuanza kuyeyuka. Mtu angeweza kubadilisha vizimba akaendelea na kazi yake. Yeye aliacha kazi aliyokuwa nayo, akaanza kuharibu vizimba kwa makusudi ili aone kama atapata matokeo yaleyale, kisha akawapa panya BPA yenyewe kwa viwango vidogo. Akayapata. Alichapisha mwaka 2003, baada ya miaka mitano ya kujihakikishia.

Katikati ya hayo, mwaka 1997, Frederick vom Saal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Missouri waliwapa panya wenye mimba BPA kwa viwango vilivyo chini ya ile mikrogramu 50 ya EPA: mikrogramu 2 na 20. Watoto wao wa kiume walikua na tezi dume kubwa kuliko kawaida. Viwanda vikafanya uchunguzi wao, vikasema havioni kitu. Ugomvi ukawa mkubwa. Mwaka 2005 vom Saal na Claude Hughes walihesabu chunguzi 115 za viwango vidogo zilizokwisha kuchapishwa. Kati ya 104 zilizolipiwa na serikali, 94 zilikuwa zimeona athari. Kati ya 11 zilizolipiwa na viwanda, hakuna hata moja. Sisemi kwamba watu wa viwandani walidanganya; yapo maswali ya haki juu ya aina ya panya waliotumika na chakula walicholishwa. Lakini sifuri katika kumi na moja ni sifuri inayomfanya mtu akae akafikiri.

Na haikuwa tena habari ya panya. Serikali ilipopima mikojo ya watu 2,517 wa Marekani iliyokusanywa mwaka 2003 na 2004, wenye umri wa miaka sita na kuendelea, BPA ilikutwa kwa watu 93 katika kila mia.

Mwaka 2008 ndio uliobadili soko. Mwezi wa Aprili serikali ya Kanada ilitangaza nia ya kuzipiga marufuku chupa za watoto za polikaboneti, na maduka makubwa hayakungoja sheria. Yaliziondoa rafuni. Hapa Marekani maduka na watengenezaji nao wakaanza kuziacha, ingawa FDA, mamlaka ya chakula na dawa, ilikuwa bado inasema hazina tatizo. Waliosukuma ni wazazi, kwa kutonunua. Mwaka 2009 jiji la Chicago na jimbo la Minnesota yakatunga sheria zao. Ulaya ilizuia chupa hizo zisiuzwe kuanzia Juni 2011. FDA ilifika Julai 2012, na namna ilivyofika inastahili kusomwa mara mbili: iliziondoa chupa za watoto katika orodha ya vyombo vinavyoruhusiwa kuwa na polikaboneti kwa ombi la chama cha makampuni ya kemikali yenyewe, na kwa sababu iliyoandikwa wazi kwamba hakuna tena anayezitengeneza hivyo. Haikusema kuwa si salama.

Katika mwaka huohuo wa 2008, mama yangu mdogo, aliyekuwa akifanya kazi huku, alikuja Tanga likizo. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa na miezi saba, na mama alikuwa amerudi kazini. Katika sanduku la mama mdogo zilitoka nguo, viatu, na chupa sita za mtoto, nzuri, angavu, zenye vipimo vilivyoandikwa kwa rangi. Mtaani kwetu hazikuwapo za aina ile. Alizikuta katika kapu la bei ya kutupa, na kapu halikuwa na maandishi ya kueleza kwa nini bei imeshuka hivyo. Nilipomuuliza mwaka huu kama alijua, alinijibu, "Mwanangu, ningejua ningezibeba?"

Mama alizichemsha kila asubuhi katika sufuria, kama alivyofundishwa kliniki. Kisha akatia maziwa ya moto au uji mwepesi, akafunga, akaacha zipoe polepole. Mafundisho yale ya kuchemsha yalimwepusha mdogo wangu na kuhara, na sitamlaumu mtu kwa hayo. Lakini mwaka huohuo wa 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cincinnati walikuwa wakichapisha matokeo yao: chupa za polikaboneti, ziwe mpya au zilizotumika miaka, zilitoa BPA kwa kiasi kilekile zilipotiwa maji ya kawaida, zilipotiwa maji yanayochemka zilianza kuitoa kwa kasi ya mara 15 hadi 55 zaidi.

Mdogo wangu yuko sekondari, mzima, na amenipita kwa urefu. Siwezi kusema zile chupa zilimfanya lolote, wala hakuna daktari atakayeweza kusema ndiyo au hapana. Kemikali ya namna hii haiachi alama ya kidole. Ninachoweza kusema ni kwamba kitu kilichokataliwa na kina mama wa huku kilivuka bahari katika sanduku la mtu anayetupenda. Nadhani hatukuwa peke yetu. Kila mwaka wanachama wa chama hiki hufunga masanduku na mapipa ya kupeleka nyumbani, na sote tunajua vitu vyetu vingi vinatoka katika makapu gani. Kwetu sheria za plastiki tunazo, na kali: Rwanda ilizuia mifuko mwaka 2008, Kenya 2017, Tanzania 2019. Ila sheria hizo zililenga takataka zinazoziba mitaro na kuua mifugo. Kinachotoka katika chombo na kuingia katika uji ni swali jingine.

Ningependa kuishia hapo na kusema tatizo limekwisha, maana leo karibu kila chupa dukani imeandikwa kuwa haina BPA. Maandishi hayo yanaeleza kisichokuwamo. Hayaelezi kilichotiwa badala yake. Mara nyingi badala yake ilikuwa bisfenoli S, BPS, pacha wa BPA, iliyotumika katika plastiki nyingine ngumu na katika karatasi za risiti. (Ndiyo, risiti za dukani nazo, zile laini zinazofifia, kwa miaka mingi zilipakwa BPA, kisha nyingi zikahamia BPS.) Patricia Hunt alikuwa amehamia Chuo Kikuu cha Washington State, na panya wake wakiishi katika vizimba vya plastiki mpya, polisalfoni. Takwimu zake zikaanza tena kuyumba. Safari hii hakuhitaji wiki nyingi kujua pa kuangalia. Vizimba vilikuwa vimechakaa na vilikuwa vinatoa BPS. Alichapisha mwaka 2018, miaka ishirini baada ya ile Agosti ya Cleveland, kwamba mbadala nao unavuruga mayai na mbegu za panya.

Wataalamu bado hawajakubaliana. Katika 2018 uchunguzi mkubwa wa serikali ya Marekani uliona athari chache kwa panya waliopewa viwango vidogo, huku maprofesa wa vyuo waliowachunguza panya wa mradi uleule wakisoma matokeo yao kwa namna nyingine. FDA inashikilia kuwa kiasi kilichomo katika chakula sasa ni salama. Ulaya imekwenda njia yake: mwaka 2023 mamlaka yake ya usalama wa chakula, EFSA, ilishusha kiwango cha BPA ambacho mtu anaweza kukipata kila siku hadi nanogramu 0.2 kwa kilo ya mwili, pungufu mara 20,000 ya kiwango ilichokuwa imekiweka mwaka 2015. Desemba 2024 Tume ya Ulaya ilipitisha marufuku ya BPA, na bisfenoli nyingine zenye hatari, katika vyombo na vifungashio vya chakula, kwa muda wa mpito. Kwa hiyo jagi moja, lenye chai moja, ni halali upande mmoja wa Atlantiki na linaondolewa upande wa pili. Mimi nimeegemea upande wa Ulaya, si kwa sababu naijua kemia kuliko FDA, bali kwa sababu kwa DES ilibidi tungoje watoto wakue.

Jikoni mambo si magumu kama historia yake. Joto ndilo jambo kubwa. Chai, uji, supu na mafuta ya moto viende katika kioo, chuma au udongo. Chakula cha jana kikitoka katika friji, kihamishwe kwenye sahani kabla ya kuingia katika maikrowevu. Maji ya kunywa yaliyochemshwa yaachwe yapoe katika sufuria kwanza, ndipo yatiwe katika dumu au chupa. Najua nyumbani tunayamimina yakiwa bado na mvuke ili sufuria lipate nafasi ya wali. Chupa kubwa za maji za lita 18.9, zile za kugeuzwa juu ya mashine maofisini, baadhi ni polikaboneti, na hazifai kupangwa juani. Chombo kigumu cha angavu kilichoingia ukungu na mikwaruzo kimekwisha kazi yake ya chakula. Zile namba katika pembetatu zilianzishwa mwaka 1988 kwa ajili ya watu wa kuchambua taka, si kwa ajili ya afya, na 7 maana yake ni "nyinginezo" tu. Polikaboneti imo humo pamoja na plastiki nyingine zisizofanana nayo. Namba 1, 2, 4 na 5 hazitengenezwi kwa BPA, lakini hata hizo sizipeleki motoni.

Nilimpigia mama kumuuliza zile chupa zilikwenda wapi. Nne zilikufa zamani. Mbili zipo, moja ina iliki, ya pili anapimia mafuta ya nazi. Akauliza azitupe? Nikamwambia iliki ibaki ilipo, na mafuta apimie kikombe cha bati.

Jagi la chama nalo bado liko kabatini. Mweka hazina ameahidi chupa mbili za chai za chuma kabla ya kikao kijacho. Hadi zifike, litiwe maji baridi tu, na anayeosha vyombo siku hiyo asiliingize katika mashine.